Ubao Juu ya Jiwe: Historia ya Sakafu Kati ya Pwani ya Tanga na Milima ya Usambara

Lugha yetu huhifadhi historia ndani ya maneno ambayo twayatumia kila siku bila ya kuyafikiri. Tuchukue neno "sakafu". Asili yake ni neno la Kiarabu "saqf", na maana yake huko lilikotoka ni paa au dari. Mtu asiyeijua nyumba ya mawe ya pwani atastaajabu na kuuliza: imekuwaje jina la kitu kilicho juu ya kichwa likashuka hata likawa jina la kitu kilicho chini ya nyayo? Jibu limo katika jengo lenyewe. Katika nyumba ya ghorofa, kile kilichokuwa paa kwa aliyekaa chini ndicho kilichokuwa uwanja wa kukanyaga kwa aliyekaa juu. Watu wawili walishirikiana kitu kimoja, wakakiita kwa jina moja.

Insha hii yahusu kitu hicho cha unyayoni, na hasa aina yake moja ambayo vijana wengi huiona katika majumba ya zamani ya serikali bila ya kujua imefikaje pale, yaani sakafu ya mbao iliyolazwa juu ya zege. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo, nalo ni la mafundi wala si la watu wa utamaduni. Lakini utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mashairi peke yake. Umo pia katika mikono ya waashi na maseremala, na katika yale waliyoyajua juu ya mti, jiwe na maji kabla vitabu havijafika.

Wilaya ya Muheza yafaa sana kuwa mahali pa kuisimulia habari hii. Upande wa mashariki iko bahari, na huko ndiko ilikotoka chokaa. Upande wa magharibi na kaskazini imesimama milima ya Usambara, na huko ndiko ulikotoka ubao. Jiwe lilipanda kutoka pwani, ubao ukashuka kutoka mlimani, vikakutana.

Sakafu za Wazee

Sakafu ya kwanza ya watu wetu ilikuwa ni ardhi yenyewe. Wabondei wa bondeni na Wasambaa wa mlimani walijenga kwa miti, fito na udongo, na ndani ya nyumba wakaishindilia ardhi mpaka ikawa ngumu. Kazi ya kuisiriba na kuitengeneza upya kila ilipopasuka iliwahusu zaidi akina mama, nao waliifanya kwa maarifa: udongo wa aina gani, maji kiasi gani, siku ya jua au ya mawingu. Sakafu hiyo ilikuwa na sifa moja ambayo tutaihitaji mbele katika maelezo yetu. Ilipumua. Unyevu uliopanda kutoka chini ulipita ndani yake ukatoka taratibu, wala haukuzuiwa na kitu chochote.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko watu walichimba mawe ya matumbawe, wakayachoma juu ya tanuu la magogo, wakapata chokaa. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, yenye msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15, yatuonyesha jinsi ufundi huo ulivyokuwa umekomaa hapa kwetu kabla Mreno hajaiona pwani hii. Chokaa ilizimwa kwa maji, ikaachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Kwa ajili ya sakafu ya juu, waashi walipanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakaweka juu yake vipande vya mawe, kisha wakamwaga mchanganyiko wa chokaa na kokoto za matumbawe. Baada ya hapo ilifuata kazi ya kupiga. Watu walisimama safu safu wakiwa na vibao vya kupigia, wakaipiga sakafu kwa siku nyingi wakiimba, ili pigo la mmoja lifuatane na pigo la mwenzake na sakafu ishuke sawasawa.

Boriti ndiyo iliyoamua ukubwa wa chumba. Kwa kuwa boriti ya mkoko yenye nguvu haikupita sana urefu wa mita 3, vyumba vya majumba ya mawe vya Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja vilikuwa virefu lakini vyembamba. Hivyo mti uliota ufukweni ukaamua namna familia ilivyoketi, ilivyolala na ilivyompokea mgeni. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Omani na nchi nyingine za Ghuba ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, na huko nako zikapima upana wa vyumba vya watu.

Wazee hao, wa udongo na wa chokaa, walikubaliana katika jambo moja bila ya kukaa kikao: sakafu haina haraka. Udongo ulingojewa ukauke. Chokaa ilingojewa ipoe na ishike. Aliyelala juu ya sakafu mbichi aliamka na kikohozi, na jirani zake walijua sababu.

Kuja kwa Zege

Neno "saruji" nalo lina safari yake. Katika nchi za Uajemi na Omani neno hilo lilitumika tangu zamani kwa mchanganyiko wa udongo uliochomwa na chokaa, uliojengewa mifereji ya maji, mabirika na ngome. Sisi tulipolipokea tuliliweka akiba, na ilipokuja simenti ya viwandani, ile ambayo Joseph Aspdin aliiandikishia hataza huko Uingereza mwaka 1824, tulikuwa tayari na jina la kuivika.

Mfano mmoja wa mapema wa zege katika nchi zetu uko Mkunazini, Unguja. Kanisa Kuu lililojengwa huko katika miaka ya 1870, mahali palipokuwa soko la watumwa, lilisimamiwa na Askofu Edward Steere, na paa lake refu la kuviringa lilimwagwa kwa mchanganyiko wa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Walimu wa Kiswahili wanamfahamu Steere kwa kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, vyote vya mwaka 1870. Ni wachache wanaomkumbuka kuwa alikuwa pia mtu wa kokoto na chokaa. Misheni yake ndiyo iliyofungua kituo cha Magila, karibu na Muheza, katika muongo wa 1860, na kwa njia hiyo majengo ya mawe ya mtindo mgeni yakaanza kuonekana katika nchi ya Wabondei.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, na katika miaka ya kati ya muongo huo ikafika Muheza. Hapo kampuni iliyoijenga ikaishiwa na fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Reli ikasogea hadi Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kwa karne nyingi jiwe la pwani na ubao wa mlimani vilikuwa vimetenganishwa na mwendo wa miguu. Sasa behewa lililopanda na mifuko ya saruji liliweza kushuka na magogo.

Kutoka Tengeni, karibu na Muheza, ilijengwa reli nyingine ndogo yenye upana wa sentimita 75 iliyopanda hadi Sigi, chini ya Amani, ikakamilika mwaka 1910. Kazi yake kubwa ilikuwa ni kushusha mbao za misitu ya Usambara Mashariki na kukihudumia kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902. Upande wa Usambara Magharibi, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitandikwa njia ya kamba za chuma iliyoteremsha mitarakwa ya Shume kutoka kilele cha mlima hadi Mkumbara, penye reli. Msomaji aliyewahi kusimama Mkumbara akautazama ule ukuta wa mlima ataelewa kwamba watu waliofanya kazi hiyo hawakuwa wakitafuta kuni.

Hata hivyo, kwa muda mrefu saruji ilibaki kuwa kitu cha serikali, cha misheni na cha mashamba ya mkonge, kwani ilitoka ng'ambo. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuitoa mwaka 1954. Cha Wazo, Dar es Salaam, kikafuata mwaka 1966. Mwaka 1980 kikaanza kiwanda cha Pongwe, kwenye barabara iendayo Muheza kutoka Tanga. Tangu hapo zege liliingia katika nyumba za watu wa kawaida, na mzee wa kijiji aliyezaliwa juu ya udongo akaweza kufa juu ya saruji.

Ubao Walazwa Juu ya Jiwe

Zege ni gumu, halili mchwa, wala halioti moto. Lakini ni baridi kwa mguu, nalo hutoa vumbi likikanyagwa sana. Kwa sababu hiyo, katika kumbi, ofisi na nyumba za wakubwa wa zama za ukoloni, zege lilifanywa kuwa tandiko, na juu yake zikalazwa mbao.

Miti iliyosifika kwa kazi hiyo ni ya kwetu. Wa kwanza ni mvule, mti mrefu wa rangi ya dhahabu inayokolea ikawa kahawia kadiri miaka inavyopita. Mvule una tabia ya ajabu inayowafaa wanafunzi wa sayansi: mara kwa mara huficha ndani ya shina lake mawe magumu ya chokaa yaliyojengeka humo humo ndani ya mti. Wapasuaji huyajua, kwani msumeno ukilikuta jiwe la mvule hupoteza meno. Basi hata kabla ya kulazwa juu ya jiwe, mti huu ulikwisha kubeba jiwe tumboni mwake.

Wa pili ni muhuhu, au muhugu kama wasemavyo wengine, mti wa misitu mikavu ya pwani na ya vilima vya chini. Muhuhu ni mzito, hata karibu kuzama majini, una harufu nzuri kama ya msandali, na mchwa huuogopa. Lakini shina lake ni fupi, lina mabonde na vichuguu, na aghalabu lina tundu katikati. Hautoi ubao mrefu. Mafundi hawakuutupa kwa sababu hiyo. Waliukata vipande vifupi, wakavipanga kwa mistari ya mshazari mithili ya mifupa ya samaki, na ile sakafu ya vipande iitwayo paruketi ikapata mti wake. Muhuhu wa Kenya na Tanganyika ulisafirishwa hadi Ulaya kwa ajili ya kumbi zinazokanyagwa na watu wengi. Kasoro ya mti ikawa ndiyo sababu ya umbo la kazi. Hapo ndipo tunapouona ufundi wa kweli.

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwani mwalimu atakayewaeleza wanafunzi hana budi kujua sababu ya kila hatua.

Zege halikauki kama nguo. Saruji hushika kwa kuungana na maji, na katika muungano huo huhitaji maji ya takriban robo ya uzito wake. Mfuko wa kilo 50, basi, huyafunga maji kama lita 12. Lakini fundi hawezi kulikoroga zege kwa maji hayo machache, maana halitamwagika, hivyo hutia lita 25 au zaidi. Yale yaliyozidi hubaki ndani ya vijitundu vya zege, na njia yao ya kutoka ni kupanda juu na kuwa mvuke. Kwa kipimo cha mafundi, kila unene wa sentimita 2.5 wahitaji kama mwezi mzima. Zege la unene wa sentimita 10 lahitaji miezi minne, na katika nchi yenye mvua na hewa nzito kama yetu lahitaji zaidi. Juu ya hayo, ardhi iliyo chini huendelea kusukuma unyevu wake, kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Kwa hiyo zege ambalo limekuwa gumu kwa mguu huenda likawa bado ni chemchemi kwa ubao.

Ubao nao una desturi zake. Hunywa maji ya hewani na kuyarudisha. Unaponywa hutanuka kwa upana, wala urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Tuchukulie chumba cha upana wa mita 6, kilichojaa mbao zilizobanwa barabara ukuta hadi ukuta. Ikiwa unyevu utazitanua mbao hizo kwa asilimia 1 tu, zitadai nafasi ya sentimita 6. Kuta hazisogei. Mbao zitakwenda wapi? Zitakwenda juu.

Kutokana na hayo zilizaliwa kanuni za mafundi. Kwanza, ubao hupasuliwa, hupangwa kivulini ukiwa umetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na hukaa hivyo miezi mingi. Pili, zege hujaribiwa: kipande cha nailoni hubandikwa juu yake pande zote na kuachwa usiku kucha, na asubuhi ikionekana jasho chini ya nailoni, kazi haianzi. Tatu, huwekwa kizuizi kati ya jiwe na ubao. Vipande vya paruketi vililazwa juu ya lami ya moto, ambayo ilikuwa gundi na kinga kwa pamoja. Mbao ndefu zilipigiliwa juu ya mabao membamba yaliyopakwa dawa na kukazwa katika zege, chini yake ikiwa imetandikwa lami au nailoni. Nne, mbao huingizwa ndani ya chumba chenyewe wiki moja au mbili kabla ya kupigiliwa, ili zizoee hewa ya mahali zitakapoishi. Ubao uliokaushwa Lushoto, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, haufahamu bado jasho la Muheza. Tano, kandokando ya kuta zote huachwa nafasi ya sentimita 1 au moja na nusu, ikafichwa kwa ubao mwembamba wa pembeni. Mtu asiyejua huidhani nafasi hiyo kuwa ni uvivu wa fundi. Kumbe hapo ndipo sakafu inapovutia pumzi.

Barua Niliyoiandika

Nisingeweza kuyaandika haya kwa haki kama nisingekiri jambo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa karani kijana, nilifanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikijenga ukumbi katika mkoa wetu. Zege la ukumbi lilimwagwa mwishoni mwa Februari. Mbao za mvule ziliteremshwa kutoka mlimani mwezi uliofuata, na masika yakaanza. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kupangiwa siku ya mwisho wa Aprili.

Seremala aliyekabidhiwa kazi alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu. Nilipotumwa kumwuliza kwa nini hajaanza, nilimkuta ameketi juu ya rundo la mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utazame."

Akanipeleka katikati ya ukumbi, palipokuwa na kipande cha nailoni kilichobandikwa. Akakifunua. Chini yake matone yalikuwa yamesimama kama jasho juu ya paji la uso.

"Jiwe hili bado linalia," akasema. "Waambie wakubwa wanipe mpaka Julai. Na hizo mbao nazo zingali mbichi."

Niliyaona matone yale kwa macho yangu. Nilirudi ofisini nikatoa taarifa. Nikaamriwa kuandika barua ya kumkumbusha fundi masharti ya mkataba wake, na kwamba akichelewa atakatwa malipo. Barua ile niliiandika mimi, kwa Kiswahili sanifu ambacho hata leo sikioni kosa lake la sarufi. Mzee akaisoma, akaikunja, akaanza kupigilia misumari.

Siku ya sherehe sakafu iling'aa. Hotuba zilitolewa, kwaya ikaimba, mgeni rasmi akaisifu kazi. Kufika Juni mbao zilikuwa zimekunjika kingo zake kama viganja vya mwombaji. Kisha, asubuhi moja, mlinzi alitukuta mlangoni akatuambia ingieni mwone. Katikati ya ukumbi sakafu ilikuwa imejitenga na zege na kuinuka kama nundu ya ngamia, misumari ikiwa imeng'oka pamoja na mabao yaliyoibeba. Haikutengenezeka. Mbao ziling'olewa, zege likapigwa lipu laini, na sehemu kubwa ya mvule ule ikaishia kuwa kuni.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mzee, ingawa hakuna aliyenituma. Hakunilaumu. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema, "Barua yako ilikuwa nzuri, mwanangu. Lakini mbao hazijui kusoma."

Nimeandika barua nyingi tangu siku ile. Sina hakika kama iko hata moja niliyoiandika bila ya kulikumbuka neno hilo.

Thamani ya Mti

Lau hasara ile ingekuwa ya fedha tu, nisingeisimulia. Fedha hupotea na kupatikana. Lakini mvule mkubwa unaotoa mbao za ukumbi mzima hauoti katika umri wa mtu mmoja. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wazee waliupa mvule heshima ya pekee, wakafanyia matambiko chini yake, na hofu ile ilikuwa pia ni sheria ya misitu kabla ya sheria kuandikwa.

Baada ya uhuru misitu ya Usambara iliendelea kuvunwa, safari hii kwa jina la maendeleo ya taifa. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kilichokuwa chini ya shirika la umma, kilivuna magogo katika Usambara Mashariki kwa mitambo, kwa msaada wa Finland. Nchi changa ilihitaji mbao, na hakuna wa kuulaumu uhitaji huo. Lakini wataalamu na wananchi waliona mabonde yakivuliwa nguo na vijito vikigeuka rangi, na maji ya Tanga na Muheza hutoka katika milima hiyo hiyo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 uvunaji wa mitambo ulisimamishwa, na Finland yenyewe ikageuka kusaidia hifadhi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Jengo la zamani la kituo cha reli cha Sigi, ambako magogo yalikuwa yakipakiwa, likatengenezwa na kuwa mahali pa kuwapokea wageni wanaokuja kuiona miti iliyosimama.

Muhuhu nao umepungua sana, kwani uligombewa na wapasua vipande vya sakafu, wachonga vinyago na wakata nguzo, nao hukua polepole mno. Badala ya miti hiyo ya porini, wilaya ya Muheza ina shamba la serikali la Longuza, lenye misaji iliyopandwa kwa mikono ya watu. Msaji, ambao vijana huuita mtiki, ni mti uliotoka Asia. Ubao wake una mafuta, hautanuki sana, na mabaharia wa Bahari ya Hindi wameuamini kwa karne nyingi katika majahazi yao. Ni mti wa sakafu bora. Lakini hata msaji uliopandwa humngoja mwenye kuupanda miongo kadhaa, na aliyeupanda si lazima awe ndiye atakayeukanyaga.

Hitimisho

Mwalimu akipenda kuifanya insha hii kuwa somo, namshauri awatoe wanafunzi nje ya darasa. Wapime upana wa ubao mmoja wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Wabandike nailoni juu ya sakafu ya darasa lao jioni na kuitazama asubuhi. Wamtafute seremala mzee mtaani kwao wamwulize majina ya miti na tabia zake, wayaandike kabla hayajazikwa pamoja naye. Humo watapata fizikia, historia na lugha kwa wakati mmoja.

Mababu zetu wa udongo na wa chokaa, na mafundi wa lami na wa muhuhu waliowafuata, walitumia vifaa tofauti, lakini wote walijua kwamba kila kitu kina muda wake wa kuwa tayari. Sisi wenye kalamu na mihuri ndio tuliokuwa wepesi wa kulisahau hilo, tukadhani tarehe ikiandikwa katika barua, jiwe nalo litaitii. Kwa ajili ya yule mzee, ambaye sasa amekwisha tangulia mbele ya haki, naufunga mlango wa insha hii kwa ubeti huu mmoja:

Ubao una subira, jiwe nalo lina maji,
Fundi usiwe papara, ukapoteza mtaji,
Mti hauoti mara, kwa wito wa mhitaji,
Ngoja jiwe likauke, ndipo ulaze ubao.